Usonji na Akili Zisizolingana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanafunzi wa Zamani, usiku wa chakula cha pamoja katika bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme maneno machache usiku huu, aliniachia nichague mada mwenyewe. Alinionya tu kwamba wasemaji wawili waliotangulia walisema juu ya shinikizo la damu na kisukari, na kwamba wanachama wamechoka kukatazwa nyama huku wameshika sahani. Nimelitii onyo lake. Nitasema juu ya ubongo, na sitamkataza mtu chakula.

Wale tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1973 tunamkumbuka mwenzetu tuliyempa jina la Kalenda. Jina lake la kweli sitalitaja, kwa kuwa hayupo hapa kunipa ruhusa. Ukimtajia tarehe yoyote, alikuambia siku yake kabla hujamaliza kupepesa macho. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961? Jumamosi. Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964? Jumapili. Azimio la Arusha, 5 Februari 1967? Jumapili pia. Wakubwa wa Kidato cha Nne walikuwa wakimwita bwenini baada ya kengele ya kuzima taa, wanawasha tochi, wanafungua shajara ya zamani na kumjaribu, na sikumbuki kama walipata hata siku moja kumkuta amekosea. Tena alijua vituo vyote vya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa mpangilio, na saa ya gari moshi kufika kila kituo. Saa hizo zilikuwa za kwenye ratiba, maana gari lenyewe lilikuwa na mawazo yake.

Mvulana huyo huyo hakuweza kufunga kamba za viatu. Paredi ya asubuhi alisimama na kamba zinaburuzika, akaadhibiwa kila juma. Alipoambiwa aandike insha ya Kiswahili juu ya safari aliyowahi kusafiri, aliandika Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa, akaendelea hivyo hadi mwisho wa karatasi, akapewa sifuri. Siku moja mwalimu wa zamu alimkasirikia akamwambia, “Toka mbele ya macho yangu!” Kalenda akazunguka, akasimama nyuma ya mgongo wa mwalimu. Darasa zima tuliangua kicheko. Alipata viboko sita kwa kosa la kufanya kama alivyoambiwa.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Muhula wa pili wa Kidato cha Tatu tulifanya mtihani wa hesabu, na mimi nilikuwa jirani yake wa dawati. Majibu mengi niliyoyaandika siku ile yalikuwa yake. Nilichungulia, nikayachukua, kisha nikarudi nyuma kuyatafutia njia, kazi niliyoiweza vizuri. Yeye aliandika majibu matupu, kama kawaida yake. Mwalimu alipokuta karatasi mbili zinazofanana hadi desimali ya mwisho, moja ina njia na nyingine haina, alikata shauri kwamba mwizi ni yule asiye na njia. Akamsimamisha mbele ya darasa: “Majibu haya umeyapata wapi?” Kalenda akajibu, “Yalikuwapo.” Akaulizwa mara ya pili. “Yalikuwapo.” Ikaonekana ni ujeuri. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na sikusema neno. Alirudishwa nyumbani kwa majuma kadhaa ili akajifunze adabu, na hakurudi tena. Mwalimu yule ni marehemu na simlaumu, kwa sababu alihukumu kwa ushahidi aliokuwa nao. Ushahidi mwingine ulikuwa kwangu.

Siwezi kusimama hapa nikatangaza kwamba Kalenda alikuwa na usonji. Mtu hapimwi kwa kumbukumbu za mzee wa miaka sitini na ushei. Lakini baada ya kufundisha hesabu miaka kadhaa nilipelekwa kusomea elimu maalumu, nikaishia kuwapima watoto wenye matatizo ya kujifunza kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mwaka uliopita bila mtoto kuingia ofisini kwangu nami nikahisi nimemwona tena.

Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si wendawazimu. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mtoto angali tumboni, inayogusa jinsi mtu anavyozungumza na wenzake, anavyoshughulika na mambo yanayojirudia, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 hivi kati ya kila watu 127 duniani alikuwa nao. Bwalo hili wakati wetu lilikuwa likilisha wavulana mia sita. Pigeni hesabu wenyewe. Hata mkitoa wale ambao hawakufika sekondari, na ni wengi, hamtapata sifuri.

Katika nchi za Magharibi jambo hili lilipata umaarufu mwaka 1943, pale daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika habari zinazofanana huko Vienna, ingawa yapata miaka ishirini nyuma mama mmoja daktari wa Urusi, Grunya Sukhareva, alikwisha kueleza watoto wa namna hiyo, asisomwe na wengi. Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett wa Mississippi, aliishi hadi mwaka 2023, akafa akiwa na miaka 89. Alifanya kazi katika benki, aliendesha gari, alicheza gofu na kutembelea nchi nyingi. Utotoni mwake wazazi walikuwa wameshauriwa wamwache katika nyumba ya kutunzia watoto wa aina yake, wakamwacha, kisha wakaenda kumchukua.

Kanner aliona mambo mengi kwa usahihi, lakini aliandika pia kwamba wazazi wa watoto hao ni watu baridi, wasio na mahaba, na wengine wakalichukua neno hilo wakalikuza hata akina mama wakabebeshwa hatia kwa zaidi ya miaka ishirini. Msicheke Wazungu. Nimepokea ofisini akina mama wa hapa hapa walioambiwa na wakwe kwamba wamemlaani mtoto, au wameukosea mzimu, au walitembea usiku wakiwa na mimba. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, 4 zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Mapacha wa namna zote mbili hulelewa na mama mmoja chini ya paa moja, kwa hiyo kama ubaridi wa mama ndio chanzo, tofauti ile isingaliweza kuonekana. Jambo hili limo katika urithi, na leo inajulikana kwamba vinasaba vinavyohusika ni vingi mno, si kimoja.

Lakini nilichokusudia hasa usiku huu ni huku kutolingana kwa akili. Sisi tulilelewa tukiamini kwamba akili ni kama maji ndani ya mtungi: mwenye nyingi anazo nyingi kwa kila jambo, na mwenye chache ni chache hivyo hivyo. Ndiyo maana tulikuwa na wa kwanza darasani na wa mwisho darasani. Kwa watu wengi dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli, maana anayeweza jambo moja aghalabu huweza na mengine kiasi. Kwa mtu mwenye usonji mara nyingi inavunjika kabisa.

Kipimo cha akili kilichotumika sana kwa watoto kilitungwa na David Wechsler na kutolewa mwaka 1949, kikafanyiwa marekebisho mara kadhaa. Kina sehemu nyingi. Katika mojawapo mtoto hupewa vibao vya mraba vyenye pande nyekundu, nyeupe na zilizogawanyika rangi, akaambiwa avipange vifanane na picha. Sehemu nyingine humwuliza kwa maneno mambo ya maisha, kwamba afanye nini likitokea hili au lile. Alama zote hujumlishwa likatoka tarakimu moja. Watoto wenye usonji, wengi wao, hupanda sana kwenye vibao na kutumbukia kwenye maswali ya maisha. Amitta Shah na Uta Frith wa London walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto hawa ni hodari wa kutafuta umbo dogo lililofichwa ndani ya picha kubwa, na mwaka 1993 wakaeleza siri ya vibao. Sisi wengine tukiitazama picha tunaiona nzima, kama mtu anavyoitazama kanga kwenye kamba akaona kanga, na hutugharimu muda kuivunja vipande. Mwenye usonji anaona vipande tangu mwanzo. Frith aliona humo upungufu wa kuunganisha mambo yakawa na maana moja. Laurent Mottron wa Montreal, Kanada, anasema hapana, ni ziada ya nguvu katika kuona na kusikia. Mimi nimeegemea kwa Mottron, ingawa nakiri kuna watoto niliowapima walionirudisha kwa Frith.

Mwaka 2007 kundi la Mottron lilitoa matokeo ambayo kwa maoni yangu kila mwalimu angepaswa kuyasikia. Aliyetangulia katika orodha ya waandishi ni Michelle Dawson, ambaye yeye mwenyewe ana usonji na aliwahi kuwa mpeleka barua wa posta. Waliwapima watoto 38 wenye usonji kwa vipimo viwili: kile cha Wechsler, na kile cha John Raven cha mwaka 1938, ambacho hakina maneno, mtoto huonyeshwa michoro yenye pengo, naye achague kipande kinachofaa. Fikirini watoto 100 wa umri mmoja wamepangwa foleni kutoka wa nyuma hadi wa mbele. Watoto wa kawaida walikaa takriban mahali pale pale kwa vipimo vyote viwili. Wenye usonji, walipotoka Wechsler kwenda Raven, walisogea mbele kwa wastani wa nafasi 30. Kwa Wechsler hakuna hata mmoja aliyehesabiwa katika wenye akili za juu. Kwa Raven theluthi yao walifika nafasi ya 90 au kuipita. Watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni swali.

Niliyasoma hayo nikiwa tayari na miaka mingi kazini, na sikulala vizuri, kwani nilikwisha kuandika ripoti nyingi kwa tarakimu moja. Baadaye aliletwa kwangu binti wa miaka tisa ambaye hakusema neno lolote. Mama yake alikuwa akipika maandazi stendi, na faili lilisema mtoto “hapimiki”. Nilimwekea kitabu cha Raven cha watoto, kile cha rangi. Kwa dakika nyingi alichezea ukingo wa meza tu. Kisha akaelekeza kidole. Nikafungua ukurasa mwingine, akaelekeza tena, na sikuhitaji kumhimiza hadi kitabu kikaisha. Mama yake aliniuliza kama amefaulu. Nilimwambia amewapita watoto wengi wanaosema. Hakufurahi kama nilivyotazamia. Alikaa kimya akahesabu kwa vidole miaka ambayo binti hakupelekwa shule.

Mtaniuliza, je, ndani ya ubongo kunaonekana nini? Wachunguzi wametafuta sana doa moja la kulaumu na hawakulipata. Mwaka 1985 Margaret Bauman na Thomas Kemper walipasua ubongo wa marehemu aliyekuwa na usonji wakakuta tofauti katika ubongo mdogo ule wa kisogoni, ambako seli za aina fulani zilikuwa pungufu. Baadaye vipimo vya picha vilionyesha kwamba baadhi ya watoto hawa, si wote, hukua kichwa na ubongo upesi kupita kiasi katika miaka ya mwanzo. Mwaka 2004 Marcel Just na wenzake wa Pittsburgh walisema kwamba sehemu za ubongo zilizo mbali hazipelekeani habari kwa ulinganifu ule wa kawaida. Kama mji wenye barabara nzuri za mitaa lakini barabara kuu ina mashimo. Mashimo hayo hayako mahali pamoja kwa kila mtu, na wengine baada yao walikuta sehemu zilizounganika kupita kawaida. Ninalolipenda zaidi ni lile la Isabelle Soulières na wenzake, mwaka 2009. Waliwatazama watu ubongo wakiwa wanafanya kipimo cha Raven. Wenye usonji walitumia zaidi sehemu za nyuma, zile za kuona, nao walimaliza kwa haraka iliyofika hadi asilimia 40 kuliko wenzao, bila kukosea zaidi.

Niliposoma hapo nilikumbuka lile neno, “Yalikuwapo.” Mwalimu alitaka njia. Yawezekana hapakuwa na njia ya kuandikika, aliyaona.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila mwenye usonji ana kipaji cha ajabu. Filamu ya Rain Man ya mwaka 1988 ilitueneza imani hiyo, na Kim Peek, mtu aliyeuchochea mchezo ule, hakuwa na usonji. Ubongo wake ulikosa daraja linalounganisha nusu mbili. Kuna Stephen Wiltshire wa London, anayeweza kuruka juu ya mji kwa helikopta na kisha kuuchora kwa kumbukumbu, na kuna Temple Grandin, profesa wa elimu ya wanyama huko Colorado, aliyechelewa kusema utotoni na anayesema hufikiri kwa picha. Hao ni wachache. Wapo wengi wasiosema maisha yao yote na wanaohitaji kulishwa na kuogeshwa, na familia zao hazihitaji hadithi za vipaji, zinahitaji mtu wa kuwapokea kwa saa mbili ili mama akalale.

Tena kutolingana kuna upande wa pili, na huo ndio unaowaumiza wale wanaosema vizuri. Nimemjua kijana aliyezungumza kama wakili, mwenye diploma, asiyeweza kupanda basi peke yake kwa sababu kelele za stendi zilimpiga kichwani kama nyundo, wala kukumbuka kula asipoambiwa. Ndugu zake walimwita mvivu. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwenye akili hivi atashindwaje na jambo dogo hivi? Ni kosa lile lile la mtungi, safari hii limegeuzwa juu chini. Mtoto asiyesema anadhaniwa hana akili, na mtu anayesema sana anadhaniwa hana shida.

Sasa nije kwenye hoja, maana Mwenyekiti ananitazama na saa pia.

Mfuko wetu wa kusomesha unatoa msaada kwa kutazama wastani. Kanuni hiyo tuliitunga wenyewe na mimi nilinyosha mkono kuiunga. Tuchukue mwanafunzi wa mfano: hesabu 94, fizikia 88, jiografia 71, Kiswahili 24, siasa 22, Kiingereza 19. Jumla 318, wastani 53. Mwingine ana 53 kwa kila somo. Mbele ya kamati yetu watu hawa wawili ni mtu mmoja, na wote wawili tunawanyima. Yule wa pili ni 53 kweli. Wa kwanza hana 53 popote. Ana somo ambalo angetufundisha sisi, na masomo matatu ambayo bila mtu wa kumshika mkono hatasimama. Ukimsaidia kama mtu wa 53 utakuwa umekosea mara mbili.

Naomba basi mkutano wa kesho asubuhi ukubali mabadiliko mawili. Kwanza, kamati isome alama za somo moja moja, na mwanafunzi mwenye somo lililopanda sana asitupwe kwa sababu ya yaliyoshuka. Pili, sehemu ya fedha za mwaka huu itumike kumlipia mwalimu mmoja wa shule hii akasomee elimu maalumu, ili mvulana anayesimama nyuma ya mgongo wa mwalimu apate mtu wa kumwuliza ameelewa nini. Najua Mweka Hazina atasema paa la maabara linavuja. Linavuja kweli, nimeliona mchana. Nakumbusha tu kwamba lilikuwa linavuja mwaka 1975 pia.

Nimepiga chapa nakala za hoja hii na Katibu anazo mezani.

Jambo la mwisho si hoja. Nimekwenda mara mbili kijijini kwao Kalenda. Mara ya kwanza niliambiwa alihamia upande wa Tabora na alikuwa akipanga mizigo karibu na stesheni. Mara ya pili hapakuwa na aliyemjua. Kama yupo miongoni mwenu aliyemwona, au aliyesikia habari za mzee anayetaja siku za tarehe, Katibu ana anwani yangu. Nikimpata nitamwambia majibu yalikuwa yake, na nitamwandikia Mwalimu Mkuu barua kwa mkono wangu, iwekwe katika faili lake kama bado lipo.